Akitoka atashika kazi gani? Kijana, korti na karakana

Kibanda changu cha saiba kiko Kisauni, Mombasa, karibu na steji, na kazi inayoniletea wateja kuliko zote ni fomu ya cheti cha polisi cha tabia njema, ile ambayo kila mtu huiita gudi kondakti. Mteja hunipa kitambulisho, namfungulia akaunti ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, analipa Sh1,050, namchapishia fomu ya C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja, kisha anashika njia kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Robo saa imekwisha, mtandao ukiwa mzima.

Siku moja aliingia kijana wa miaka ishirini hivi, amefunga karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni kama mtu anayeogopa mvua. Alizitandaza moja moja mezani: cheti cha uchomeleaji, gredi ya tatu, cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda; barua ya kuachiliwa kutoka Borstal ya Shimo la Tewa, yaani kituo cha kuwafungia na kuwarekebisha vijana; na kijikaratasi alichoandikiwa kwenye kampuni ya ulinzi, kimeorodhesha vitu vya kuleta, cha kwanza gudi kondakti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ami, nikijaza hii, wataona?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia asilipe kwanza. Tangu siku ile nimewasumbua kwa maswali afisa wa probesheni ambaye huja kutoa kopi kwangu, mawakili wawili, na fundi wa kuchomelea tunayepakana ukuta. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Milango, na kilichomo nyuma ya kila mlango

Mzazi ambaye mwanawe ameshikwa husikia maneno mengi kwa siku moja: rumande, Borstal, huduma kwa jamii, probesheni. Mtaani tunayafupisha yote kuwa "amepelekwa akafundishwe kazi". Lakini kila neno ni mlango wake, na mingine ukiifungua hukuti fundi wala randa.

Umri ndio unaoamua kwanza. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 hawajibishwi kwa jinai; zamani mpaka ulikuwa miaka 8. Aliye na 12 lakini hajafika 14, sheria inachukulia kwamba hakuwa na akili ya kupima tendo lake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kesi ya mtoto itolewe kwenye mkondo wa korti, naye apewe masharti badala ya mashtaka: aombe radhi, alipe alichoharibu, arudi shule, ahudhurie mafunzo. Hapo chuo cha ufundi cha kaunti kinaweza kuandikwa kuwa sharti, na mtoto akajifunza cherehani huku analala kwao. Huu ndio mlango mwanana kuliko yote, na hufunguka mapema, tangu kwa polisi na kwa mwendesha mashtaka. Mzazi anayekaa kimya hadi siku ya uamuzi ndipo aulize, mara nyingi ameshaupita.

Mtoto ambaye korti imeona ni lazima aondoke nyumbani huweza kupelekwa shule ya marekebisho, kama Likoni, Kabete, Wamumu, au Dagoretti na Kirigiti kwa wasichana. Wa miaka 15 hadi 17 huweza kupelekwa Borstal kwa muda usiozidi miaka mitatu: wavulana Shimo la Tewa hapa kwetu au Shikusa kule Kakamega, wasichana Kamae, Nairobi. Jina hilo, kwa wanaojiuliza, ni la kijiji cha Kent, Uingereza, ambako mfumo huu ulianzia mwanzoni mwa karne iliyopita. Waingereza wenyewe waliufuta kwa sheria ya 1982. Sisi tumebaki nao, jina na vyote. Vijana wa kiume wa miaka 17 hadi 21 wana kituo chao Kamiti, cha mafunzo ya kurekebisha tabia, wanakokaa miezi minne. Baada ya hapo ni gereza la kawaida.

Sasa angalia muda. Miaka mitatu ya Borstal inatosha kumtoa mtu asiyejua kushika nyundo hadi afanye mtihani wa serikali wa useremala, uashi, ushonaji au uchomeleaji. Miezi minne ya Kamiti inatosha kumfundisha kuamka mapema. Mfungwa wa miaka kumi gerezani huweza kupanda gredi moja baada ya nyingine akatoka fundi kamili. Na aliye rumande, ambaye hajahukumiwa na pengine hana kosa lolote, halazimiki kufanya kazi, na karakana haikupangwa kwa ajili yake. Anaweza kukaa mwaka mzima akingoja kesi, mikono mitupu. Kwa hiyo mpango wetu, bila mtu yeyote kukusudia, unagawa ujuzi kwa kipimo cha kosa. Ukikosea kidogo, unafundishwa kidogo. Ukionewa, hufundishwi kitu.

Hali ni hiyo hiyo kwa walio nje. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 humpa mwenye kosa la kadiri kazi ya umma badala ya jela: kufyeka uwanja wa zahanati, kupaka rangi shule, kupanda miti. Ni jambo jema kuliko kumjaza gerezani, lakini kufyeka si fani. Wengi wetu tumezaliwa tunajua kufyeka.

Unabaki kifungo cha nje, yaani probesheni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye nafasi kubwa na ndipo watu wanapolala.

Karatasi ya afisa wa probesheni

Kabla hakimu hajaamua, huweza kumwagiza afisa wa probesheni aende akaulize kijana huyu ni nani. Afisa hufika nyumbani, humhoji mama, hupita kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, na akipata nafasi kwa aliyeibiwa pia. Kisha huandika ripoti. Familia nyingi humpokea kama adui: wanafunga mlango, au wanamwambia "huyu mtoto ni mzuri, amesingiziwa tu" na kunyamaza. Ripoti ikirudi kortini na maneno hayo matupu, hakimu hana pa kumpeleka kijana ila ndani.

Afisa ninayemjua aliniambia anachokitafuta ni vitu viwili: atalala wapi, na asubuhi ataamka aende wapi. Familia ikiwa na jibu la swali la pili, kwa mfano fundi aliyekubali kumpokea, aliyeandika jina lake na namba ya simu kwenye karatasi, ripoti inabadilika sura. Maneno "atakuwa chini ya fundi fulani kila siku, saa mbili hadi saa kumi" yana uzito ambao machozi ya mama, Mungu anisamehe, hayana.

Kuna jambo jingine ndani ya Sheria ya Probesheni ambalo hata watu waliosoma hulipita. Korti ya hakimu ikiona shtaka limethibitishwa, ina njia mbili: inaweza kumtia kijana hatiani kisha ikampa amri ya probesheni, au inaweza kumpa amri hiyo hiyo bila kumtia hatiani. Muda ni ule ule, kati ya miezi sita na miaka mitatu, na afisa anayemripotia ni yule yule. Lakini miaka mitano baadaye, akikutana na fomu inayouliza "umewahi kutiwa hatiani?", wa pili anaandika hapana na anasema kweli. Wakili au mzazi anayeweza kuiomba korti njia ya pili na asiiombe, ameacha mlango wazi akatafuta dirisha. Ila ajue pia kwamba kijana akivunja masharti, hurudishwa kortini na kosa lile la mwanzo linafufuka.

Mhuri ni wa nani

Turudi kwenye mfuko wa nailoni. Cheti chake cha NITA kilikuwa halisi na chenye maana. Mtihani wa NITA wa gredi hauulizi ulisomea wapi: ukiwa umejifunzia Borstal, chuo cha kaunti, au chini ya mwembe kwa mjomba, unasajiliwa, unafanya nadharia, unafanya vitendo, na cheti kinatoka kwa mamlaka ile ile. Gredi ya tatu ndiyo ya chini, ya kwanza ndiyo ya juu. Mwajiri anayekishika hapaswi kujua kama mwenye nacho alijifunzia nyuma ya ukuta. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasiridhike na "cheti cha kuhudhuria" kinachotolewa na mradi fulani chenye nembo nne na picha ya mikono inayoshikana. Ni karatasi nzuri ya kuning'iniza sebuleni.

Tatizo lake halikuwa cheti. Nilimtuma kwa fundi jirani akapimwe, na fundi akamkabidhi kazi ndogo: geti la mlango wa uani. Kijana akapima upana mara moja juu, akakata vyuma, akachomelea pembe sawasawa, tisini kamili, kazi safi ya darasani. Lilipopelekwa likagoma kuingia. Ukuta wa Kisauni haujanyooka; juu una sentimita mbili zaidi kuliko chini. Fundi akacheka mpaka akakaa. "Pima juu, pima katikati, pima chini," akamwambia, "halafu kata kwa kile kidogo." Borstal ilikuwa imemfundisha chuma. Ukuta hakuna aliyemfundisha, wala mteja anayebadili mawazo, wala bei ya rodi inayopanda kati ya kukubaliana na kununua.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipo, na yako upande wetu wa ukuta. Mradi wa serikali wa ajira kwa vijana ulioanza 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia, KYEOP, uligusa jambo hili: ulimlipa fundi wa jua kali amfundishe kijana, na kijana akapata posho huku akijiandaa kwa mtihani. Si mradi wa vijana wenye kesi, lakini ulikubali ukweli mmoja ambao sisi watu wa mtaa tunaujua: fundi hafundishi bure. Desturi yetu ni mzazi kumlipa fundi ada. Sasa mama ambaye ameshauza mbuzi kulipa dhamana na nauli za korti, ada ataitoa wapi?

Wamumu

Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi hii una doa kubwa vilevile. Katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walikusanya wavulana waliokuwa wamefungwa pamoja na watu wazima kwenye kambi kama Manyani kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, wakawahamishia Wamumu, upande wa Mwea. Wengi hawakuwa wamepita mbele ya korti yoyote. Miongoni mwa walioiendesha kambi hiyo ni Geoffrey Griffin, yule ambaye mwaka 1959 alianzisha shule ya Starehe pamoja na Wakenya wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Wavulana walifundishwa useremala, uashi, ushonaji, gwaride na utii kwa serikali iliyowafunga. Hilo la mwisho tusilipambe.

Lakini kuna kitu kimoja walichokifanya ambacho leo tumekiacha. Hawakungoja kijana atoke ndipo atafute kazi. Maofisa walihangaika kumtafutia mwajiri angali ndani, na jina "kijana wa Wamumu" likawa linafungua milango badala ya kuifunga. Leo hali imegeuka. Wamumu ipo bado, ni shule ya marekebisho, na kijana aliyepita huko hulificha jina hilo.

Fundi naye ana hofu zake

Ni rahisi kuwalaumu mafundi kwamba wanabagua. Nilimuuliza jirani yangu na jibu lake halikuhusu wizi wa vifaa, ingawa rodi zake huzihesabu asubuhi na jioni. Alisema anaogopa vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na ingawa marufuku iliondolewa miezi michache baadaye, karakana ya kuchomelea imebaki kuwa mahali pa kwanza polisi wanapochungulia mfuniko wa mtaro ukipotea. "Wakija," alisema, "wakamkuta mtu ambaye faili lake wanalo, hawatamchukua peke yake. Watanichukua na mimi."

Kwa hiyo alivyompokea yule kijana alimwekea utaratibu wake, na nauona wa busara kuliko miongozo mingi. Miezi mitatu ya kwanza hakumpa ufunguo wa kontena. Kila chuma kinachoingia kiliandikwa kwenye daftari na risiti ikabanwa hapo. Na hakumuuliza alifanya nini. Alimuuliza, "Ukiugua, nani atakuja kukuchukua?" Kijana akataja nyanya yake wa Mariakani. Fundi akapiga simu hapo hapo, wakaamkiana, wakaulizana habari za nyumbani, akakata. Hiyo ndiyo dhamana aliyoitaka: sauti ya mtu mzima inayopokea simu.

Jibu la swali lake

"Wataona?" Inategemea. Cheti cha tabia njema hutokana na kulinganisha alama za vidole na kumbukumbu za DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Mtu mzima aliyetiwa hatiani na alama zake zikaingia humo, zitaonekana. Uingereza ilitunga mwaka 1974 sheria inayozizika hukumu nyingi baada ya muda kupita. Sisi tuliirithi Borstal yao, sheria hiyo hatukuirithi. Kwa mtoto, sheria yetu inakataza hata kuyatumia maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" juu yake, lakini sheria ni kitu kimoja na kabati la mafaili ni kingine. Aliyeshinda kesi au ambaye kesi yake iliondolewa asidhani faili limejifuta lenyewe: apate nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na korti, aipeleke DCI aombe rekodi isafishwe, na abaki na kopi. Hata aliyetoka Borstal aitunze amri ya korti kama anavyotunza kitambulisho.

Na nikishataja kitambulisho: hii ndiyo karatasi inayowakwamisha wengi kabla hata ya gudi kondakti. Kijana aliyeingia na miaka 16 akatoka na 19 amevuka umri wa kitambulisho akiwa ndani. Bila hicho hana laini ya simu kwa jina lake, hana eCitizen, na mtihani unaofuata wa gredi utamsumbua. Kabla ya mashine ya kuchomelea, kabla ya kitu kingine chochote, mpelekeni akachukuliwe kitambulisho.

Halafu chagueni fani kwa kuitazama karatasi. Ulinzi, udereva na ukondakta wa matatu, kazi za Ghuba: zote zinadai gudi kondakti mlangoni. Uchomeleaji, uashi, useremala, ushonaji, kutengeneza pikipiki: mteja anatazama kazi, anauliza bei, anaondoka. Kumfundisha kijana mwenye rekodi udereva wa abiria halafu kumwacha agundue sharti hilo peke yake ni ukatili uliovaa nguo za msaada, na nimeona ukifanyika.

Nilimweleza yote hayo siku aliporudi nimchapishie bei za mageti. Hakwenda tena kwenye ulinzi. Lakini mwaka huu mteja mmoja, mwenye nyumba za kupangisha Nyali, alitaka mafundi wote wanaoingia kwenye majengo yake wawe na cheti hicho, na kijana akasema potelea mbali, ajaribu. Tukajaza, akalipa, nikachapisha C24 mbele na nyuma. Alirudi jioni na vidole vyeusi kwa wino na fomu mkononi, mistari ya gumba na kidole cha shahada imefutika kabisa. Grainda na cheche zimeila ngozi.

"Wamesema nipumzishe mikono wiki mbili, nipake mafuta, nirudi," akaniambia.

"Utapumzika?"

"Ami, nina mageti manne." Akaomba kitambaa afute wino, akanilipa kumi ya kopi, akavuka barabara kurudi karakana.